Fundi wa Kunyamaza

Kikao cha kweli cha tiba ya mazungumzo hakina kiti cha mtazamaji, na ndivyo inavyopasa. Kijana aliyekuja kueleza aibu yake hakuja kutazamwa na mwandishi. Nilichoruhusiwa kukiona ni kazi hiyohiyo ikifundishwa: mtaalamu mmoja wa saikolojia, mama wa makamo, akiwanoa wanasihi jijini Dar es Salaam, huku mmoja wao akikaa kwenye kiti cha mgonjwa na kuigiza. Mgonjwa mwenyewe wamemtunga pamoja kutokana na wengi waliowahi kuwahudumia. Ni binti wa miaka 21, mwaka wa pili chuoni, aliyetoka wodini miezi minne iliyopita akiwa ameambiwa ana bipola. Wanafunzi humwita mkufunzi wao Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Bipola ni ugonjwa unaoipandisha na kuishusha hali ya mtu kupita mipaka. Ikipanda, halali na wala hachoki, mawazo yanakimbizana, fedha zinatoka kama hazina mwenyewe. Ikishuka, ni sonona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, umri ambao mtu ndiyo kwanza anajitafutia jina mbele za watu.

Lakini Mwalimu hafundishi kutibu bipola yenyewe. Hiyo ina madaktari wake na dawa zake, lithiamu ikiwa mojawapo, tangu John Cade wa Australia alipoandika habari zake mwaka 1949. Yeye anafundisha kutibu kitu kinachoota pembeni yake: kijana kuyaamini mabaya yote aliyowahi kuyasikia kuhusu watu wenye maradhi ya akili, na kujihukumu kwayo. Nani hapa Tanzania hajawahi kusikia utani wa Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Nairobi utani huohuo hufanywa kwa jina la Mathari, hospitali yao ya namna hiyo. Mwanasosholojia wa Marekani, Bruce Link, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: mtu huokota dharau hizo utotoni, kabla hazijamhusu, na siku akiambiwa ana ugonjwa wa akili anazikuta tayari kichwani mwake, zikimsubiri yeye.

Kazi inaanza na viti. Mwalimu havielekezi uso kwa uso. Anakiweka kimoja pembeni kidogo ya kingine, ili kijana akitaka kumtazama amtazame, na asipotaka awe na mahali pengine pa kupeleka macho. Saa ya ukutani inatundikwa nyuma ya kiti cha mgonjwa, kwa sababu mnasihi akitazama saa ya mkononi hata mara moja, kijana ataona amechosha watu. Karatasi za tishu zinakaa mezani, karibu na mkono wa mgonjwa, na hakuna anayempa. “Ukimpa,” Mwalimu anawaambia, “umemwambia inatosha, futa machozi.” Mwanafunzi mmoja aliandika hilo daftarini na kulipigia mstari.

Halafu vipimo. Kuna dodoso lililotungwa na Jennifer Boyd Ritsher na wenzake na kuchapishwa mwaka 2003, lenye sentensi 29 zinazopima unyanyapaa ulioingia ndani ya mtu: kujiona si wa kundi la watu, kukubaliana na dhana zao, kukumbuka alivyobaguliwa, kujitenga, na mwisho, nguvu aliyonayo ya kuukataa unyanyapaa huo. Kila sentensi ina majibu manne, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Wanasihi wengi humkabidhi mgonjwa karatasi na kalamu, wakaenda kupokea simu. Mwalimu husoma kila sentensi kwa sauti, akasubiri. Anatazama kalamu. Jibu lililotiwa alama kabla sentensi haijaisha analiwekea nukta ndogo pembeni. Jibu lililochukua muda mrefu, nukta mbili. Jumla ya alama itasomwa na yeyote. Nukta zile ndizo ramani yake ya wiki zinazokuja.

Kabla kikao cha kwanza hakijaisha, kijana anaandika ukurasa mmoja: yeye ni nani, na ugonjwa wake ni nini. Mwalimu hausomi palepale. Unatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa kwa gundi, tarehe inaandikwa juu.

Mpango anaoufuata una wenyewe. Philip Yanos wa New York, David Roe wa Haifa na Paul Lysaker wa Indianapolis ndio walioubuni, wakiunganisha tiba ya kuchunguza mawazo na kazi ya kusimulia upya maisha. Unafanywa kwa kikundi, mara moja kwa wiki, vikao 20, na ulilenga watu wenye maradhi makubwa ya akili kwa jumla, si bipola peke yake. Nchini Sweden ulijaribiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha unyanyapaa wa nafsi ukipungua na kujithamini kukipanda kwa washiriki. Mwalimu ameufupisha hapa, akaurefusha pale, na mazoezi mengine huyafanya na mtu mmoja mmoja kabla ya kuyapeleka kikundini, hasa kwa vijana. Kijana wa miaka 19 hawezi kusema mbele ya wenzake jambo ambalo hajawahi hata kulisema kwa sauti akiwa peke yake.

Vikao vya mwanzo ni vya kuchambua. Kwenye bango kitita amechora mstari katikati. Vijana wanaleta sentensi walizozisikia, nyumbani, kwenye daladala, msikitini, kanisani, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kila sentensi inaandikwa kwenye kipande cha karatasi. Halafu wanaamua kipande kikae upande gani: kweli ya ugonjwa, au kashfa. Ni watu wa kupigana: kashfa. Hawawezi kufanya lolote la maana: kashfa, na hapo mmoja wa wanafunzi akamtaja Mkenya Sitawa Wafula, aliyejitokeza hadharani kuhusu kuishi na bipola na kifafa akaanzisha huduma ya kuwasaidia wengine. Ni ugonjwa unaoweza kurudi: hapa chumba kilinyamaza. Wanafunzi walitaka hicho nacho kiwekwe upande wa kashfa, kwa huruma. Mwalimu alikichukua, akakibandika upande wa kweli, akakisugua kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. Akasema kijana ukimfariji kwa uongo, atarudi wodini siku moja, na hapo atakuwa amepoteza afya na amekupoteza wewe pia.

Naona hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kazi hii. Kashfa na kweli zimeshonwa pamoja, na mnasihi anapaswa kufumua kama fundi cherehani anavyofumua mshono uliokosewa, uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, bila kuchana kitambaa. Anayevuta kwa nguvu anabaki na matambara.

Nililiona hilo asubuhi waliyofanyia zoezi la sentensi moja. Binti wa kuigiza alikaa, mikono katikati ya magoti, akasema: “Mimi ni mzigo pale nyumbani.” Mwanafunzi aliyekuwa kwenye kiti cha mnasihi hakumwacha hata avute pumzi. “Hapana mdogo wangu, usiseme hivyo, wewe si mzigo, mama anakupenda sana.”

Mwalimu aliinua kiganja. “Umemnyang’anya,” akasema taratibu. “Amekuja na kitu kimoja tu mkononi, nawe umemnyang’anya.” Akamwomba kiti. Zoezi likaanza upya.

“Mimi ni mzigo pale nyumbani.”

Mwalimu hakujibu. Aligeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Zilipita sekunde nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Mimi niliyekaa nyuma nilianza kukohoa bila sababu. Binti ndiye aliyeongeza: “Ada ya muhula mzima niliitumia mimi. Nilinunua fulana mia moja na hamsini, nikasema nafungua kampuni.”

“Fulana ziko wapi sasa?”

“Ziko uvunguni mwa kitanda cha mama.”

Akalichukua daftari, akachora safu nne kwa rula. Rula, si kwa mkono tu. Alivuta kila mstari mpaka chini kabisa ya ukurasa. Tukio. Wazo. Yanayoliunga mkono. Yanayolipinga. Kwenye safu ya tatu akaandika ada na fulana, kwa herufi zilezile za wazi alizotumia kwingine, akamgeuzia binti daftari aone kwamba limeandikwa. Hakulipunguza. Kisha akauliza: “Wiki uliyonunua fulana, ulikuwa unalala kwa muda wa saa ngapi?”

“Saa mbili. Siku nyingine silali.”

“Na wiki hii?”

“Saa saba. Nane.”

Yote mawili yakaandikwa. “Leo asubuhi nyumbani kulikuwa na nini?” Binti akaeleza, kwanza kwa kusitasita, kwamba mama huuza maandazi, kwamba unga hukandwa saa kumi na moja alfajiri, kwamba tangu atoke wodini yeye ndiye anayekanda kwa kuwa mama mgongo unamsumbua. “Nani alikuwa anakanda ulipokuwa wodini?” Kimya tena. “Mama alisimama wiki tatu, hakuuza.” Mwalimu akasogeza kalamu, akampa yeye aandike safu ya nne kwa mkono wake mwenyewe.

Mwisho wa zoezi kijana hutunga sentensi mpya. Hii ilitoka hivi: “Ugonjwa wangu uliwatia hasara nyumbani na mimi hiyohiyo ndiyo nakanda unga.” Sentensi haijakaa vizuri kisarufi, na mwanafunzi mmoja akataka kuinyoosha. Mwalimu akakataa. Alisema ukiinyoosha itakuwa yako, naye ataiacha hapahapa mezani akiondoka.

Nilihesabu maswali yake baadaye kwenye maandishi yangu nikashangaa yalivyo mafupi. Hakuna hata moja lililoanza na “kwa nini”. Nilipomuuliza, alijibu kwamba kijana aliyewahi kupandwa na ugonjwa ameulizwa “kwa nini ulifanya vile” na mama, baba, shangazi, mlezi wa wanafunzi na polisi. Hana jibu.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni inayohusu furaha, na sidhani watu wengi wasio na ugonjwa huu wameiwazia. Mwenye sonona peke yake akicheka, nyumba nzima inashukuru. Mwenye bipola akicheka, mtu anauliza jikoni, “Umekunywa dawa?” Akikasirika kwa haki, “Umekunywa dawa?” Akiimba bafuni, akipendeza, akiwa na wazo zuri la biashara, swali ni lilelile. Baada ya mwaka mmoja hahitaji tena wa kumuuliza. Anajiuliza mwenyewe, na anaanza kuizima kila furaha kabla haijawaka, kwa hofu kwamba ndiyo ugonjwa unarudi.

Dawa ya hilo ni karatasi ya mraba mraba. Chini, tarehe za mwezi. Pembeni, kipimo cha hali ya moyo: sifuri katikati, kupanda hadi tatu juu, kushuka hadi tatu chini. Mstari wa pili ni saa za kulala, wa tatu dawa, wa nne fedha zilizotoka. Kijana anatia nukta moja kila jioni, kalamu ya rangi moja, haizidi dakika mbili. Mwalimu haangalii nukta moja, anaangalia nukta zikifuatana. Binti aliyefurahi Jumamosi kwenye harusi ya binamu, akalala kwa saa saba, akatumia nauli tu, amefurahi. Basi. Karatasi inampa ushahidi wa kumwonyesha mama, na zaidi wa kujionyesha mwenyewe. Usingizi ukishuka siku mbili tatu mfululizo na hana uchovu, hapo anapiga simu kliniki, na anapiga bila fedheha kwa sababu anajua anachokwenda kusema.

Mama mwenyewe huitwa kikao kimoja. Mwalimu hamkemei. Anamwamkia, anamkaribisha kiti kilekile cha pembeni, anamwomba aeleze usiku ule binti alipochukuliwa. Mzazi anayeuliza habari za dawa mara sita kwa siku ni mzazi aliyeogopa, na hofu yake haikupata mtu wa kuisikiliza. Wakikubaliana mama aulize mara moja tu, jioni, karatasi ikiwa mezani, mengi hutulia.

Katikati ya safari huingia hadithi. Nusu ya pili ya mpango wa akina Yanos ni kusimulia: kijana anaandika kisa cha maisha yake, anakisoma kikundini, wenzake wanamwambia walichokisikia. Mwalimu anatanguliza zana nyingine, iliyokua huku Afrika: Mti wa Maisha, ulioanzishwa na mwanasaikolojia Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Dulwich Centre, Adelaide, kwa ajili ya kazi na watoto walioathiriwa na UKIMWI kusini mwa Afrika. Kijana anachora mti. Mizizi ni alikotoka, ardhi ni siku zake za sasa, shina ni anachokiweza, matawi ni matumaini, majani ni watu walio naye, matunda ni alivyopewa na watu. Siri ya mpangilio huu ni kwamba dhoruba huja mwishoni, miti yote ikishabandikwa ukutani pamoja kama msitu. Wodi, kufungwa kamba, kuchekwa, mwaka wa masomo uliopotea, yote hayo husemwa mtu akiwa tayari amesimama mahali fulani. Binti wa kuigiza alichora mkorosho, mizizi mirefu kuliko matawi. Mwalimu aliuliza habari za jani moja tu, lililochorwa pembeni peke yake bila jina.

Dawa zilizofichwa nazo hupata kikao chao. Vijana huzihamishia kwenye kopo la vitamini, au hurusha dozi siku ambazo mwenzao wa bwenini hatoki chumbani. Aibu hapa inagusa damu moja kwa moja: lithiamu inayomezwa leo na kuachwa kesho haimsaidii mtu. Kwa hiyo wanapanga nani aambiwe, nani asiambiwe, aambiwe kiasi gani, na faida na hasara zinaandikwa kabla ya kufungua mdomo. Patrick Corrigan wa Marekani ameutengenezea uamuzi huo mpango mzima, na huko Ujerumani ulijaribiwa kwa vijana 98 wenye maradhi ya akili. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha mkazo unaotokana na unyanyapaa ukipungua. Mwalimu hamsukumi mtu ajitangaze. Mmoja akiamua kumwambia rafiki mmoja peke yake, wanalifanyia mazoezi neno kwa neno, pamoja na jibu la kutoa rafiki huyo akicheka.

Kuna ubishi ambao siwezi kuupita. Kwa nini tumpeleke kijana kwenye tiba kwa ajili ya dharau ambayo ni kosa letu sisi? Ubishi huo una haki. Hata sheria zimebeba dharau hiyo: nchini Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipotoa hukumu Januari 2025, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa mshtakiwa wa kosa la jinai. Nilimweleza Mwalimu. Alikubali yote, akaendelea kupanga karatasi zake kwa tarehe. Kisha akasema sheria na zibadilishwe, utani wa Milembe uishe, na wakati huo unasubiriwa kuna mtu ana kikao Jumanne saa nne.

Kikao cha 20 bahasha inafunguliwa. Kijana anaandika kwanza ukurasa mpya, maswali yaleyale mawili, ndipo anasoma ule wa kwanza. Mwalimu hafanyi ulinganisho yeye. Kurasa zote mbili zinakwenda nyumbani na mwenyewe; faili la hospitali halibaki nazo.

Kazi hii haidai mashine wala umeme. Inadai chumba chenye mlango unaofungika, saa moja kila wiki isiyokatizwa, na mnasihi aliyefundishwa hivi, ambaye hatahamishiwa dirisha la kadi katikati ya vikao. Wanaopanga bajeti za hospitali za mikoa na zahanati za vyuo waiwekee fungu mwaka huu. Na wewe uliye na kijana kama huyu nyumbani, akicheka leo, cheka naye kwanza.